Kichwa kinachogonga baada ya kazi ya nguvu



Juma hili tunazungumza juu ya maumivu ambayo wengi wetu tunayabeba kimya. Mama anatoka shambani na mzigo wa kuni, anautua mlangoni, na palepale kichwa kinaanza kugonga pande zote mbili kama mchi ndani ya kinu. Mwingine anapanda mlima na bidoni ya maji, akifika juu anaona jua limekuwa kali mno machoni. Binti naye anarudi kutoka kwenye mpira, anajitupa kitandani na kufunika uso kwa kitenge. Ukiwauliza, wote watatu wanakujibu neno moja: "Ni uchovu tu." Kisha wanameza kidonge, wanalala, na kesho yake wanaanza tena.

Katika vikundi vyetu, maswali juu ya jambo hili yanarudi kila mara. Je, kichwa cha namna hii ni ugonjwa? Je, niache kazi? Je, ni vizuri kumeza dawa kila jioni? Na je, nitajuaje siku ambayo si uchovu tena bali ni hatari? Tujibu maswali haya moja baada ya lingine, maana kuna vichwa vinavyoponywa na kikombe cha maji na kivuli cha mti, na kuna vichwa vinavyomuua mama huku jirani wakisema apumzike kidogo.

KWA NINI KAZI NZITO INAUMIZA KICHWA

Mtu anapofanya kazi ya nguvu, moyo unapiga haraka na damu inakimbia kwa wingi. Mishipa ya kichwani inapanuka ili kuipokea damu hiyo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, lakini mishipa na ngozi nyembamba zinazoufunika zinayasikia sana. Ndiyo maana wengi wanasema kichwa "kinagonga" au "kinapiga pamoja na moyo".

Waganga wanajua aina moja ya kichwa inayokuja tu wakati wa kazi ya nguvu au mara tu baada yake, kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine. Kwa kawaida inashika pande zote mbili. Inaweza kukaa dakika chache, inaweza kukaa masaa mengi, lakini haizidi siku mbili. Inapenda kuja wakati wa joto kali, na pia mahali pa juu sana. Anayetoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, na kupanda siku hiyohiyo hadi nyanda za juu anaweza kuona kichwa kinamwelemea. Vilevile kwa wanaopanda mlima Nyiragongo, ambao kilele chake kinapita meta 3,400. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili unahitaji muda wa kuizoea.

Lakini kwa wengi wetu sababu ni za kawaida zaidi, na zinakuwa nyingi pamoja: kiu, njaa, jua, usingizi kidogo, shingo iliyochoka na moshi. Habari njema ni kwamba karibu kila moja ya hizo tunaweza kuipunguza.

MAJI KABLA YA KIU

Wamama wengi wanatoka nyumbani alfajiri bila kunywa kitu. Wengine wanajinyima maji makusudi kwa sababu njiani au sokoni hakuna choo cha heshima. Tunalielewa jambo hilo vizuri. Lakini mwili unaotoka jasho bila kupata maji unakauka, damu inakuwa kidogo, na kichwa kinakuwa cha kwanza kulalamika.

Tunywe vikombe viwili vya maji safi kabla ya kutoka. Tubebe chupa, na tunywe kidogo kidogo njiani, hata kabla kiu haijaja. Alama ni rahisi: mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa rangi kama chai nzito, mwili unaomba maji. Na kwa habari ya choo, hilo si jambo la mama mmoja. Kikundi kinachouza katika soko moja kinaweza kwenda pamoja kwa wakubwa wa soko na kuliomba.

Siku ya jasho jingi sana, au mtu akiwa pia anaharisha, maji matupu hayatoshi. Tuchanganye lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Tusizidishe chumvi. Kinywaji hicho ndicho kilekile tunachowapa watoto wanaoharisha, na kinamsaidia mkubwa vilevile.

Pombe ya jana nayo inakausha mwili. Anayekunywa jioni na kubeba mizigo asubuhi asishangae kichwa kikimlipiza.

TUSIENDE NA TUMBO TUPU

Kazi ya nguvu inakula sukari iliyo katika damu. Tumbo likiwa tupu tangu jana jioni, mama anaanza kutetemeka, macho yanaona giza, na kichwa kinauma. Uji, kiazi kitamu kilichobaki, ndizi moja, mhogo wa kuchemsha au karanga kiganja kimoja vinatosha kuanza siku. Tunajua desturi yetu: mama anagawia baba, anagawia watoto, na yeye anabaki kukwangua chungu. Tuseme wazi nyumbani kwamba anayebeba mzigo wa nyumba nzima hawezi kuubeba kwa mabaki. Baba na watoto wakubwa wakielezwa vizuri, wengi wanaelewa.

MZIGO, SHINGO NA KAMBA YA KIPAJI

Bidoni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na wengi wetu tunabeba zaidi ya hapo. Mzigo ukikaa juu ya kichwa, misuli ya shingo inakaza muda wote ili usianguke. Misuli hiyo inapanda hadi nyuma ya kichwa, na ikichoka, maumivu yanaanzia kisogoni na kuja hadi kwenye macho.

Katika Kivu wengi tunabeba mzigo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye kipaji cha uso. Kamba hiyo inabana ngozi na mishipa midogo iliyo chini yake. Kitu chochote kinachobana kichwa kwa muda mrefu kinaweza kuleta maumivu, hata kofia au kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Alama yake ni hii: kichwa kinauma pale penye kamba, na ukiivua maumivu yanaisha mbele ya saa moja. Basi, dawa ya kichwa hicho haiko katika farmasi. Iko katika kamba yenyewe.

Mambo haya yanasaidia:

Tutumie kamba pana, au tuizungushie kitambaa kinene mahali inapogusa kipaji. Kwa mzigo wa kichwani, ngata iwe pana na nene.

Tusijitwike peke yetu. Mama mmoja amtwike mwingine. Anayenyanyua mzigo mzito peke yake anabana pumzi na kukaza tumbo, na nguvu hiyo inapanda kichwani mara moja. Tukinyanyua, tupige magoti, mzigo uwe karibu na mwili, na tutoe pumzi wakati wa kunyanyuka.

Tutue mzigo njiani kabla ya kuchoka kabisa. Dakika tano za kivuli, kamba ikiwa imevuliwa na shingo ikigeuzwa polepole kulia na kushoto, zinaokoa jioni nzima.

Pale inapowezekana, tugawe mzigo. Bidoni mbili za lita 10 mikononi zinalingana na moja ya lita 20, lakini shingo inapumzika.

Tunajua kwamba mama anayelipwa kwa mzigo hawezi kukaa nyumbani kwa sababu kichwa kinauma. Watoto wanangoja bugali, na pesa ya masomo inadaiwa. Hatumwambii aache kazi. Tunamwambia abebe kwa namna itakayomwezesha kubeba mwaka kesho pia.

JUA NA MOSHI

Kazi nzito ianze mapema na isimame jua likiwa utosini, ikiwezekana. Kofia ya majani au kitenge chepesi kisichobana vinalinda kichwa. Aliyefanya kazi juani, kisha kichwa kinamuuma, anatapika, mwili unawaka moto na maneno yake hayaeleweki, huyo ameshikwa na joto. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, na apelekwe kwenye kituo cha afya bila kuchelewa.

Moshi nao ni adui. Mbabula ya makala ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Anayetwanga, anayepika au anayelala humo anapata kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Alama kubwa ni kwamba watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Tusilale kamwe na mbabula ndani, hata usiku wa baridi ya Bukavu au ya Goma. Kila mwaka wa mvua ni lazima tukumbushane neno hili.

BINTI ZETU NA MICHEZO

Wazazi wengine wakisikia binti anaumwa kichwa baada ya mpira au mbio, wanamkataza kucheza. Tusifanye haraka hivyo. Michezo inaimarisha moyo na kuleta usingizi mzuri, na kwa watu wengi mazoezi ya kiasi, yakifanywa mara kwa mara, yanapunguza kuumwa kichwa.

Kichwa kinakuja zaidi kwa mtu aliyekaa miezi bila mchezo kisha akakimbia siku moja kwa nguvu zote. Basi aanze polepole: dakika kumi za kutembea haraka na kunyoosha viungo kabla ya kukimbia, na mwishoni vilevile apunguze mwendo kabla ya kusimama. Aongeze kidogo kila juma. Anywe maji, ale kitu chepesi saa moja au mbili kabla, na asifunge nywele kwa kukaza mno. Suka mpya inayovuta ngozi inaumiza kichwa hata bila mchezo. Shauri hilihili linatufaa sisi wamama tunaoanza kukimbia asubuhi ili kupunguza uzito au kufuata neno la munganga.

Lakini mchezaji aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo. Akitapika, akisinzia bila sababu au akisahau kilichotokea, apelekwe hospitali.

DAWA NI RAFIKI ANAYEGEUKA

Kichwa kikianza, kwanza tusimamishe kazi, tukae kivulini, tunywe maji, tule kitu, tuweke kitambaa cha maji baridi kwenye kipaji. Mara nyingi hayo yanatosha. Kikizidi, paracetamol inasaidia. Mtu mzima anameza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, na asirudie kabla ya masaa sita. Kwa siku nzima asizidi vidonge 8, na aliye mwembamba sana au mgonjwa wa ini aulize kwanza kiasi kinachomfaa. Kuzidisha kunaharibu ini.

Ibuprofène inaumiza tumbo lililo tupu. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo wala kwa mama mwenye mimba, na inaweza kuumiza figo za mtu aliyekaukiwa maji. Aspirini tusiwape watoto. Vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja bila jina, vimefungwa katika kipande cha karatasi, tusivinunue, kwa sababu hatujui ni nini tunachomeza.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia: dawa ya kichwa ikimezwa karibu kila siku inageuka kuwa yenyewe sababu ya kichwa. Anayemeza paracetamol siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu hivi, anaweza kuamka kila asubuhi na kichwa, kisha anameza tena, na mzunguko hauishi. Mama aliyefika hapo asione haya. Aende kwa muuguzi au munganga, amwambie ukweli wa vidonge anavyomeza, na atasaidiwa kuviacha.

Tuseme pia juu ya wembe. Kuna wanaochanja kipaji au pembeni mwa macho ili "kutoa damu mbaya". Damu ile si mbaya, na kuitoa hakuondoi sababu ya maumivu. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuleta virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa ini na pepopunda. Tuuache.

KICHWA KINACHOSEMA JAMBO LINGINE

Wakati mwingine kazi ya nguvu haileti ugonjwa. Inafichua tu ule uliokuwa umejificha.

Damu kidogo. Mama akipanda kilima kifupi anahema, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, na ndani ya kope za macho ni peupe. Wamama wanaotoka damu nyingi ya mwezi, wenye mimba, waliozaa karibu karibu na waliougua malaria mara kwa mara wako katika hatari hiyo. Kituo cha afya kinaweza kupima damu. Nyumbani tule sombe, lengalenga, maharage, na pamoja nayo ndagala au sambaza hata kidogo, pamoja na ndimu au chungwa. Chai tuinywe mbali na chakula, maana inazuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Tansio. Wengi wenye tansio ya juu hawasikii chochote kwa miaka. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, kinahitaji kufuatwa na munganga. Kupima kunachukua dakika chache tu.

Malaria. Kichwa chenye homa si kichwa cha kazi. Kipimwe, hasa kwa mtoto na mama mwenye mimba.

USISEME NI UCHOVU

Mambo yafuatayo yanataka kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo, hata usiku:

Kichwa kilichokuja ghafula kama radi na kufikia ukali wake wote mara moja, kuliko chochote ulichowahi kusikia.

Kichwa chenye kutapika sana, kuzimia, degedege, au kuchanganyikiwa.

Kichwa chenye shingo ngumu, au homa.

Mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kukwama, macho kuona vitu viwili viwili.

Kichwa kinachokuja na kifua kubana au pumzi kukata wakati wa kazi.

Kichwa cha kazi ambacho kimepita siku mbili.

Na hata kama hakuna alama hizo, anayepata kichwa cha kazi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hasa akiwa amepita miaka 40, aonwe na munganga kabla ya kurudi kwenye mizigo.

KWA MAMA MWENYE MIMBA

Neno hili tunaliweka peke yake kwa sababu linaokoa watu wawili. Mama aliyepita miezi mitano ya mimba, akiumwa kichwa kikali kisichoondoka, akiona nyota au ukungu machoni, uso na mikono vikivimba, au akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, asingoje asubuhi. Inaweza kuwa tansio ya mimba, inayoleta degedege na kifo cha mama na cha mtoto. Hatari hiyo inaendelea hata majuma sita baada ya kuzaa. Kwa hiyo asikose siku za CPN, apimwe tansio na mkojo kila mara. Jirani wasimwambie kwamba ni uchovu wa kulima wala kwamba amerogwa. Wamtafutie pikipiki na mtu wa kumsindikiza.

TUFANYE NINI PAMOJA

Mama mmoja peke yake hawezi kubadilisha uzito wa mzigo, lakini kikundi kinaweza mengi. Tunapendekeza mambo matatu kwa mikutano ya juma lijalo.

La kwanza, kila mama anayeumwa kichwa aandike kwa majuma mawili, au mtoto anayesoma amwandikie: siku gani, alikuwa anafanya nini, alikula na kunywa nini, kichwa kilikaa masaa mangapi, alimeza nini. Karatasi hiyo itamwonyesha mwenyewe sababu, na akienda kwa munganga itamsaidia kuliko maelezo mengi.

La pili, kikundi kimwombe muuguzi wa kituo cha afya aje siku moja ya mkutano na chombo cha kupima tansio. Tupimwe wote, hata wanaojiona wazima.

La tatu, tuweke pembeni kidogo katika sanduku la kikundi, iwe pesa ya usafiri kwa mama mwenye mimba au mgonjwa atakayeonyesha alama za hatari. Mara nyingi kinachochelewesha mtu usiku si kutojua, ni kukosa pesa ya pikipiki.

Gazeti hili likishasomwa, lisikunjiwe karanga kabla halijapita mkono wa jirani asiyejua kusoma. Msomeeni kwa sauti sehemu ya alama za hatari, na umwombe azirudie mwenyewe mpaka azijue kwa moyo.

Tubaki na afya, wamama. Tutaonana juma lijalo.